Kurejesha ndege walio hatarini: ramani ya makazi, hesabu ya vizazi, au modeli ya ndege mmoja mmoja?

Mradi wowote wa kurejesha ndege porini una maswali matatu yasiyokwepeka: waachiliwe wapi, wangapi, na kwa miaka mingapi. Na ndege wa kuachilia siku zote ni haba. Kondori wa mwisho wa California alipokamatwa porini mwaka 1987, dunia nzima ilikuwa na kondori 27, wote vizimbani. Kwa akiba ndogo kiasi hicho hakuna anayethubutu kujaribu bonde moja ili aone, likimshinda ahamie jingine. Ndiyo maana siku hizi ndege huachiliwa kwanza ndani ya kompyuta, mara elfu moja ikibidi, kabla ya mtu kufungua mlango wa kizimba.

Ukiulizia "modeli", hata hivyo, utaonyeshwa vitu vinne tofauti vinavyoitwa kwa jina hilo moja. Kimoja ni ramani tu. Kingine ni hesabu ya kuzaliwa na kufa isiyojua mto uko wapi. Cha tatu kinahesabu vipande vya msitu, na cha nne kinamfuata kila ndege kutoka kiota hadi kifo juu ya ramani. Nitavilinganisha kwa mtu anayetakiwa kuchagua, na msimamo wangu nautanguliza: miradi mingi hukimbilia modeli yenye ramani ya kupendeza kabla ya kujiuliza kama ramani hiyo itabadilisha uamuzi wowote. Kipimo changu ni swali moja. Je, kiwango cha ndege kuishi, kuzaa au kuhama kitabadilika kulingana na mahali utakapofungulia kizimba? Kama hakibadiliki, ramani ni pambo. Kama kinabadilika, hesabu isiyo na ramani itakudanganya bila wewe kujua.

Ramani ya makazi yanayofaa

Wengi huanzia hapa, kwa kuwa haidai data nyingi. Unakusanya nukta za mahali ambapo ndege ameonekana, unaziweka juu ya tabaka za ramani (mvua, joto, mwinuko, mimea, umbali kutoka barabarani), kisha programu inatafuta ni mchanganyiko gani wa hali hizo unaoandamana na ndege. MaxEnt ndiyo programu inayojulikana zaidi kwa kazi hii, na ni ya bure. Mwisho wake unapata ramani yenye rangi, kuanzia panapofaa sana hadi pasipofaa kabisa.

Faida yake kubwa ni kupunguza upana wa utafutaji. Nchi nzima inageuka kuwa maeneo machache ya kwenda kukagua kwa miguu, na hilo peke yake linaokoa muda mwingi wa watu na magari.

Ikitumiwa kwa akili hufika mbali zaidi. Watafiti waliochunguza uwezekano wa kumrejesha kondori wa California katika maeneo ya kaskazini alikokwisha kutoweka hawakutengeneza ramani moja. Walitengeneza tatu, ya kutagia, ya kulala na ya kutafuta chakula. Kondori hutaga kwenye mapango ya miamba na matundu ya miti mikubwa kupindukia, hulala kwenye magenge na miti mirefu, na hula mizoga kwenye nyanda za wazi. Ukichanganya nukta zote hizo kwenye ramani moja, utapata wastani wa mahali ambapo huenda ndege hana shughuli yoyote. Ukizitenganisha, unaweza kutafuta sehemu ambapo ramani zote tatu ziko karibu kiasi cha safari ya siku moja ya ndege huyo. Mwaka 2022 kabila la Yurok, likishirikiana na hifadhi ya taifa ya Redwood, liliachilia kondori tena kaskazini mwa California.

Mitego yake ni miwili, na yote miwili ni mikubwa. Wa kwanza ni kwamba ramani hujifunza kutoka mahali ndege alipobaki, na mahali alipobaki huenda si anapopapenda. Takahe wa New Zealand alidhaniwa ametoweka mpaka alipokutwa mwaka 1948 kwenye Milima ya Murchison, akiishi kwenye nyasi za mlimani zenye baridi kali. Ukiipa programu nukta hizo pekee, itakuapia kwamba takahe ni ndege wa milimani. Lakini mifupa yake ya kale imepatikana nyanda za chini, na waliopelekwa kwenye visiwa vya chini visivyo na wanyama wawindaji wa kuletwa wameishi na kuzaa huko. Mlimani palikuwa kimbilio. Spishi nyingi zilizo hatarini zina historia ya namna hii, kwa hiyo nukta za leo zikiwa chache, tafuta za zamani: makumbusho, mifupa, kumbukumbu za wazee.

Mtego wa pili ni kwamba ramani ya makazi haina kifo ndani yake. Kuanzia 1989 mwewe wekundu waliachiliwa kwa wakati mmoja sehemu mbili za Uingereza: milima ya Chilterns kusini na Black Isle kaskazini mwa Scotland. Kila sehemu ilipata ndege 93. Kufikia 2006 kusini walikuwa zaidi ya jozi 300, kaskazini jozi 41. Mandhari ya kaskazini haikuwa na kasoro ya kueleza pengo hilo, na ndege wa kaskazini walizaa vizuri. Walichokosa ni kuishi: walikuwa wakila mizoga iliyotiwa sumu kinyume cha sheria. Watafiti walipoondoa vifo hivyo kwenye hesabu, kundi la kaskazini nalo lilipita jozi 300. Hakuna tabaka la mimea wala mvua ambalo lingeonyesha jambo hilo mapema. Ramani ilihitaji kuwekewa watu.

Hesabu ya vizazi isiyo na ramani

Hapa unaacha mahali na kushika idadi: wangapi wanaishi hadi mwaka unaofuata, wangapi wanazaa, makinda mangapi yanafika utu uzima. Inaweza kuwa jedwali la umri lenye mistari mitatu kwenye lahajedwali, au programu kama Vortex, ambayo ni ya bure na imetumiwa na wahifadhi kwa miongo mitatu. Vortex hurusha sarafu kwa kila ndege kila mwaka, aishi au afe, azae au asizae, halafu inarudia historia nzima mara mia kadhaa au elfu. Mwishoni unajua ni katika historia ngapi kundi lilitoweka.

Niionyeshe kwa karibu, maana hapa ndipo mtu anapoona kama anahitaji ramani au la. Tuseme una spishi ambayo jike mzima ana asilimia 85 ya kuishi hadi mwaka unaofuata. Kila jike hutoa kwa wastani makinda ya kike 0.4 kwa mwaka, na asilimia 40 ya makinda hayo humaliza mwaka wa kwanza na kuanza kuzaa. Ukuaji wa kundi ni 0.85 kujumlisha 0.4 mara 0.4, yaani 1.01. Kundi linakua kwa asilimia moja kwa mwaka. Majike 40 watakuwa takribani 49 baada ya miaka 20. Mfadhili anafurahi.

Sasa sema asilimia 10 ya vijana huruka mbali na eneo la mradi na hawakutani tena na wenzao. Hawajafa, ila kwa hesabu ya kundi ni kama wamekufa. Ukuaji unakuwa 0.85 kujumlisha 0.144, yaani 0.994, na majike 40 wanashuka hadi karibu 35. Mradi uliokuwa unapanda sasa unashuka, kwa sababu ya kijana mmoja katika kila kumi. Na hapo bado hatujaweka mwaka wa ukame wala bahati mbaya ya makundi madogo, kama vile msimu ambao karibu makinda yote ni madume.

Angalia jambo moja katika mfano huo. Hiyo asilimia 10 niliweza kuiingiza bila ramani yoyote. Niliandika tu namba. Kama vijana wangetawanyika kwa kiwango kilekile popote wanapoachiliwa, hesabu hii ingetosha na ningelala usingizi. Haja ya ramani huanza pale asilimia 10 ya bonde hili inapokuwa 3 kwenye bonde la jirani lililozungukwa na msitu, na 30 kwenye bonde lililo wazi.

Hesabu ya vizazi ni hodari kwa maswali ya nani na wangapi. Nchini Ufaransa, uzoefu wa kurejesha tumbusi kwenye uwanda wa Grands Causses, ulioanza miaka ya mwanzo ya 1980, ulizaa uchambuzi ulioonyesha kwamba kwa ndege wa aina hiyo kuachilia wazima kunaweza kuwa na tija kuliko kuachilia vijana, hata ukikubali kwamba maisha ya kizimbani yamewapunguzia uwezo. Sababu yake ni ya hesabu tupu: tumbusi huchelewa kuzaa, na kijana ana miaka kadhaa ya kufa kabla hajataga yai la kwanza.

Ni hodari pia kwa swali chungu la kuacha. Huko New Zealand ndege mdogo aitwaye hihi alipelekwa kwenye kisiwa cha Mokoia mwaka 1994. Alilishwa, alitundikiwa masanduku ya viota, alizaa. Lakini wazima walikuwa wakifa kwa kasi, na vifo hivyo vilihusishwa na ugonjwa wa ukungu wa mapafu. Takwimu za kuishi na kuzaa zilipopigwa hesabu, zilionyesha kundi litakaloendelea kuyumba hata likihudumiwa kwa bidii zote, na mwaka 2002 waliobaki wakaondolewa kisiwani. Uamuzi wa namna hiyo huumiza, na ni rahisi zaidi kuufanya ukiwa na hesabu mkononi.

Udhaifu wake umeshasemeka: kwake dunia ni chumba kimoja. Kila ndege anaweza kukutana na kila ndege. Kwa spishi ya kisiwani hilo halidhuru. Kwa ndege anayeruka kilomita 200 kwa siku ni kosa.

Vipande vilivyounganishwa

Aina ya tatu iko katikati. Makazi yanachukuliwa kama visiwa vya msitu ndani ya bahari ya mashamba. Kila kipande kina kundi lake, na vijana huvuka kati ya vipande kwa kiwango kinachopungua kadiri umbali unavyoongezeka. Wazo la msingi ni la mwanaikolojia Richard Levins, 1969, na mwenzake wa fani hiyo Ilkka Hanski akalifanya litumike na data za kweli katika miaka ya 1990. RAMAS ni programu ya kulipia iliyozoeleka kwa kazi hii. Vortex nayo hukubali makundi kadhaa yenye njia za kuhama kati yao.

Inafaa pale mipaka ya makazi inapoonekana kwa macho. Mkesha wa Taita, ndege wa misitu ya Milima ya Taita nchini Kenya, amebaki kwenye vipande vichache vya msitu wa ukungu, vikiwemo Mbololo, Ngangao na Chawia. Kwa ndege wa namna hiyo swali la mpangaji ni wazi: kuongeza ndege kwenye kipande kidogo kuna maana, au ndege hao wataisha tena kwa sababu hakuna anayewafuata kutoka kipande kikubwa? Je, kupanda miti kati ya vipande kunaleta faida kuliko kubeba ndege kwenye visanduku? Modeli ya vipande hujibu maswali hayo kwa data za kadiri.

Siipendekezi kwa ndege wa nyanda za wazi au wawindaji wakubwa. Huko "kipande" ni mstari uliochorwa na mtu wa ofisini, ndege hauoni.

Ndege mmoja mmoja juu ya ramani

Sasa tuje kwenye ile inayotamaniwa na kila mtu. Katika programu iitwayo HexSim ardhi yote inagawanywa katika maumbo ya pembe sita, kila umbo likiwa na alama ya ubora wake. Ndege wa kompyuta anazaliwa ndani ya umbo fulani, anakua, anaondoka nyumbani, anatafuta eneo lake, anagombana na aliyelitangulia, anapata mwenza au hapati, anazaa kulingana na ubora wa alipotua, anakufa. RangeShifter, nayo ya bure, imejengwa hasa juu ya safari hiyo ya kutawanyika, na inaigawa katika hatua tatu: kuondoka, kusafiri na kutulia. Mgawanyo huo naupenda kwa sababu unamlazimisha mpangaji kukiri asichokijua. Watu wengi wana data za wapi ndege aliishia. Wachache wana data za kwa nini aliondoka, na wachache zaidi wanajua alikufa wapi njiani.

Kazi ya kupigiwa mfano katika aina hii haikuwa ya kurejesha ndege, ila kila mpangaji wa urejeshaji anaweza kujifunza kwayo. Mamlaka ya samaki na wanyamapori ya Marekani ilipopanga upya makazi muhimu ya bundi madoadoa wa kaskazini, mpango uliotoka 2012, iliunganisha hatua tatu. MaxEnt ilitoa ramani ya ubora wa makazi. Programu ya Zonation ikapendekeza mitandao mbalimbali ya maeneo ya kulindwa. HexSim ikawaachia bundi wa kompyuta ndani ya kila mtandao kuona kundi lingefikia wapi. Na ndani ya HexSim aliwekwa pia bundi milia, mgeni kutoka mashariki anayemfukuza madoadoa kwenye maeneo yake. Hapo ndipo uzito wa modeli hii ulipo. Msitu ule ule, mzuri ule ule kwenye ramani, unatoa matokeo tofauti kutegemea mpinzani amefika au hajafika.

Kunguru wa Hawaii, ʻalalā, anaonyesha kwa nini tabaka la adui halipaswi kuachwa nje. Kuanzia 2016 waliachiliwa kwenye msitu wa kisiwa cha Hawaii, ndani ya makazi yao ya asili. Wengi walikufa, baadhi wakikamatwa na mwewe wa Hawaii, na mwaka 2020 waliobaki wakarudishwa vizimbani. Mwishoni mwa 2024 wengine waliachiliwa Maui, kisiwa ambacho mwewe huyo hayuko. Ukitazama ramani ya makazi ya asili peke yake, kisiwa cha kwanza kingeshinda kila mara.

Kuna jambo jingine ambalo modeli hii pekee hulibeba vizuri: ndege huvutwa na ndege wenzake. Kwa spishi nyingi zinazoishi kwa makundi, tumbusi wakiwa mfano mzuri, aliyeachiliwa karibu na wenzake hutulia, na aliyeachiliwa peke yake kwenye bonde bora zaidi hupaa na kuwafuata. Ukiwa na chaguo la kufungua kituo cha pili kilomita kadhaa kutoka cha kwanza, tabia hiyo inaweza kuwa ndiyo inayoamua kama utapata makundi mawili au moja lenye vizimba viwili.

Gharama yake ni data, na sizungumzii fedha za programu. Kila kanuni ya tabia unayoongeza ina namba zake, na kila namba inataka ndege waliovalishwa vifaa vya kufuatilia kwa miaka. Spishi iliyobaki na ndege 60 haiwezi kutoa data hizo. Kinachofanyika ni kuazima kutoka kwa spishi jamaa, au kuwauliza wataalamu wakadirie. Hakuna ubaya, mradi namba iliyoazimwa iandikwe kwamba imeazimwa. Ubaya ni pale picha inayotembea kwenye skrini, nukta zikisambaa mabondeni mwaka baada ya mwaka, inapomfanya waziri au mfadhili aamini kwamba anaangalia kitu kilichopimwa. Nimeona mikutano ambapo uhuishaji wa dakika moja ulifunga mjadala uliostahili kuendelea siku nzima.

Zikiwekwa pamoja

| Modeli | Swali inalolijibu vizuri | Data za lazima | Inapopofuka |
|---|---|---|---|
| Ramani ya makazi | Tukague wapi? | Nukta za kuonekana, tabaka za ramani | Vifo, muda, idadi |
| Hesabu ya vizazi | Wangapi, wa umri gani, miaka mingapi? | Viwango vya kuishi na kuzaa | Mahali na safari |
| Vipande | Tuunganishe au tubebe? | Ukubwa wa vipande, umbali, kiwango cha kuvuka | Ndege wasio na mipaka ya makazi |
| Ndege mmoja mmoja | Kizimba hiki au kile, kwa mpangilio upi? | Zote za juu, pamoja na tabia ya kuhama | Wingi wa makadirio yaliyojificha |

Jedwali haliwezi kuonyesha kwamba hizi hazishindani sana. Ya nne huhitaji ya kwanza na ya pili ndani yake. Kwa hiyo swali halisi ni usimame ngazi ipi.

Usimame wapi

Kwa kisiwa kidogo, simama kwenye hesabu ya vizazi. Ndege mdogo mwimbaji wa Shelisheli ambaye mwaka 1968 alibaki kwenye kisiwa cha Cousin pekee, wakiwa chini ya 30, alihamishiwa Aride mwaka 1988 (ndege 29), Cousine 1990 (29), Denis 2004 (58) na Frégate 2011 (59). Ndege huyu karibu havuki bahari. Kilichohitaji kujulikana ni wadudu wako kiasi gani kwenye majani, wanyama wawindaji wapo au hawapo, na kisiwa kinabeba wangapi. Modeli ya pembe sita kwa kisiwa ambacho mtu anakizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana ni kupoteza muda wa mwanafunzi wa udaktari.

Kwa eneo pana lenye vituo viwili au vitatu vinavyowezekana, anza na ramani, kisha fanya hesabu ya vizazi mara moja kwa kila kituo ukitumia viwango vya kituo hicho. Hii ni njia ya katikati ambayo naona inapuuzwa. Korongo mweupe wa Amerika anaeleza kwa nini. Kuanzia 2001 makorongo yaliyolelewa na watu yalifundishwa kuhama kwa kufuata ndege ndogo za injini kutoka Necedah, Wisconsin, hadi Florida. Walijifunza njia, walirudi, wakaoana, wakataga. Kisha wakawa wanayaacha mayai. Chanzo kikubwa kilikuwa usubi, wale nzi wadogo weusi wanaouma, ambao hujaa Necedah wakati ule ule wa kuatamia. Kuanzia 2011 uachiliaji ukahamishiwa mashariki mwa jimbo la Wisconsin, kwenye maeneo yenye usubi wachache. Hapa uzazi ulitegemea mahali, na hesabu moja ya wastani kwa jimbo zima ingeficha tofauti hiyo. Lakini haikuhitajika modeli ya kila korongo. Jedwali mbili za umri, moja ya bonde lenye usubi na moja ya bonde lisilo nao, zingetosha kuonyesha kipi ni kipi, kama kungekuwa na mtu wa kwenda kuhesabu nzi.

Panda hadi modeli ya ndege mmoja mmoja endapo mambo matatu yapo kwa pamoja: ndege anasafiri mbali, vifo au uzazi vinatofautiana sana kimahali, na una data za kuhama kutoka kwa ndege wa kweli, wa spishi hiyo au jamaa wa karibu. Likikosekana la tatu, tumia fedha za modeli kununua vifaa vya setilaiti kwa kundi la kwanza dogo la majaribio. Miaka mitatu ya nyendo za ndege kumi na wawili itakusaidia kuliko mwaka wa kukadiria.

Na kwa modeli yoyote utakayochagua, fanya jaribio hili kabla ya kuonyesha ramani kwa mtu. Chukua kiwango cha kuhama, kigawe kwa mbili, endesha upya. Kisha kizidishe kwa mbili, endesha upya. Kama kituo A kinabaki mbele ya B katika hali zote, uamuzi umesimama hata kama hujui namba ya kweli. Kama vinabadilishana nafasi, modeli imekuambia kitu cha thamani zaidi ya ramani: imekuonyesha kitu gani hasa ukapime. Modeli hizi zinaaminika zaidi zikipanga machaguo kwa ubora kuliko zikitabiri kwamba kundi lina asilimia 7 ya kutoweka ndani ya miaka 50. Ukiona ripoti yenye namba ya namna hiyo bila wigo wa mashaka, irudishe.

Miongozo ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ya mwaka 2013 kuhusu uhamishaji wa viumbe kwa uhifadhi nayo inataka modeli zitumike kulinganisha mikakati mapema, na ufuatiliaji uwe sehemu ya mpango tangu mwanzo. Kwenye karatasi kila mradi hutii. Kwenye bajeti, ufuatiliaji ndio wa kwanza kukatwa.

Kizimba kikishafunguliwa

Modeli ya kupanga isipewe data mpya hufa ndani ya misimu miwili. Ndege walioachiliwa karibu kila mara hufa zaidi miezi ya mwanzo kuliko wale wa porini, kwa hiyo weka viwango viwili tofauti, cha mwaka wa kuachiliwa na cha baadaye. Ukivichanganya, utakata tamaa mapema kuliko inavyostahili.

Na swali nalo hubadilika. Kutoka "wapi" linakuwa "lini tuache". Tumbusi mwenye ndevu alianza kurudishwa Alps mwaka 1986, na kinda la kwanza kuruka kutoka kiota cha porini lilionekana 1997. Uchambuzi uliochapishwa 2009, ukitumia hesabu ya vizazi na si ramani, ulionyesha kwamba kundi lingeendelea kukua hata uachiliaji ukisimamishwa, alimradi vifo visiongezeke sana. Kwarara wa kaskazini, anayerudishwa Ulaya ya kati kwa kufundishwa kuvuka Alps nyuma ya ndege ndogo za injini, alipata jibu tofauti: modeli iliyomfuata ndege mmoja mmoja, iliyochapishwa 2023, ilikuta kwamba kundi bado halijiwezi, na kwamba linahitaji uachiliaji uendelee pamoja na kupunguza vifo au kuinua uzazi. Vifo vyake vingi vina mahali vinapojulikana: nguzo za umeme, na sehemu za Italia ambako hupigwa risasi kinyume cha sheria akiwa safarini. Kwa kwarara, basi, ramani inayostahili kuchorwa kwanza ni ya nyaya na bunduki, na ya viota inaweza kusubiri.